Kanali, Kabla Hujapanda Ndege Kwenda Asia, Pitia Lugalo

Mwezi Julai hapa Mbeya baridi haina adabu. Jioni moja nilikuwa kwa jirani yangu wa Forest ya Zamani, kanali mstaafu, tumelizunguka jiko la mkaa kama watu wa matangani. Stori za wastaafu ni zilezile: zilianzia kwenye pensheni, zikapitia bei ya mbolea, zikaishia jeshini. Mzee akanisimulia kozi aliyowahi kuhudhuria katika nchi moja ya Asia, yeye na maofisa wa mataifa mengine. Siku hiyo waligawiwa ramani: bonde, mto, vijiji vitatu, barabara moja ya vumbi, na msitu upande wa mashariki. Waasi wamo msituni. Swali: kambi yako utaiweka wapi?

Wote, bila kuulizana, wakaiweka juu ya kilima. Ukiwa juu unaona mbali, na anayekuja kukushambulia anapanda akihema. Mkufunzi akapita meza hadi meza, mikono mgongoni, hasemi kitu. Alipomaliza mzunguko akauliza: "Akina mama wa vijiji hivi wanachota maji wapi?" Hakuna aliyekuwa ameangalia. Kisima kilikuwa nyuma ya kilima, pale ramani ilipokunjwa. Anayekishika kisima kile usiku ndiye mwenye vijiji vile, kambi iwe kileleni au isiwe.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili jeshini," mzee akaniambia huku akichochea makaa, "na swali hilo nilikuwa sijawahi kuulizwa."

Tangu siku ile swali hilo haliniachi, na ndilo limenisukuma kuandika makala hii. Jeshi letu linawasomesha maofisa waandamizi namna ya kupambana na uasi, na sehemu kubwa ya somo hilo, hapa na kila mahali duniani, imetoka Asia. Ni sawa. Lakini naona tunawapeleka mbali kujifunza jambo ambalo nusu yake imelala hapa Nyanda za Juu Kusini, na kibaya zaidi, ni ile nusu inayokosekana kwenye vitabu vya huko.

Tukumbuke tulikotoka. JWTZ lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya askari wa Januari mwaka ule. Fahari yake kubwa ni vita ya Kagera ya 1978 na 1979: mizinga, vifaru, mstari wa mbele unaojulikana, adui mwenye sare. Fahari yake ya pili ni kuwalea wapigania uhuru wa nchi jirani. FRELIMO wa Msumbiji walijifunzia Kongwa na Nachingwea, wengine kwingineko. Kwa maneno mengine, kwa miaka karibu thelathini sisi tulikuwa upande wa msitu. Tulijua namna ya kumficha mpiganaji, kumlisha, kumvusha mto Ruvuma.

Sasa tumehamia upande wa pili wa ramani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilivamiwa, na vijana wetu 15 wakauawa. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka kutoka Msumbiji wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kuanzia Julai 2021 hadi 2024 askari wetu walikuwa Cabo Delgado chini ya SADC, katika mkoa uleule ambako FRELIMO walifyatua risasi ya kwanza ya ukombozi, mahali panapoitwa Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Waliokuwa waasi wa jana ndio serikali ya leo, na wajukuu wa watu wa pwani ile sasa wako msituni na bendera nyingine. Ofisa asiyejiuliza imekuwaje atabaki anahesabu bunduki zilizokamatwa.

Basi, tuanze na Malaya. Wanafunzi wa historia hucheka jina hilo likitajwa, nimeshazoea. Ndivyo nchi ile ilivyoitwa kabla haijawa Malaysia. Cheka umalize, tuendelee. Mwezi Juni 1948 Waingereza walitangaza hali ya hatari huko kupambana na wapiganaji wa chama cha kikomunisti cha Chin Peng, wengi wao wakiwa Wachina wa Malaya. Miaka mitatu ya mwanzo mambo yalikwenda ovyo. Desemba 1948, kijiji cha Batang Kali, askari wa Kiingereza waliwapiga risasi raia 24 wasio na silaha. Oktoba 1951 Balozi Mkuu wa Uingereza aliyeitawala nchi, Henry Gurney, alivamiwa barabarani akauawa. Hapo ndipo mpango wa Jenerali Harold Briggs uliokuwa umeanza 1950 ukashikwa kwa nguvu zote: watu zaidi ya 400,000 waliokuwa wakiishi kandokando ya msitu walihamishiwa katika Vijiji Vipya vyenye uzio wa seng'enge, taa na walinzi.

Wakufunzi wengi huliruka duka la kijiji, na mimi napenda kusimama hapohapo. Ukinunua kopo la samaki katika Kijiji Kipya, mwenye duka alitakiwa alitoboe kabla hajakukabidhi. Kopo lililotobolewa haliwekeki. Lazima liliwe siku hiyohiyo, kwa hiyo halifai kupelekwa msituni. Katika baadhi ya maeneo hata wali ulipikwa kwa pamoja ukagawiwa umeshaiva, kwa kuwa mchele mkavu hufichika na wali hauwezi kumaliza siku mbili kwenye joto lile bila kuchacha. Vita nzima imo ndani ya tundu la msumari. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama anayeondoka dukani na kopo linalovuja mchuzi mkononi, watoto sita nyumbani, na anajua kwa nini limetobolewa. Anaichukia serikali au anawachukia walioko msituni? Jibu la swali hilo moja ndilo lililoamua ile vita, na haliamuliwi na jeshi.

Liliamuliwa na mambo matatu ambayo waigaji wa Malaya huyaacha uwanja wa ndege. La kwanza, wapiganaji walikuwa wengi wao wa jamii moja, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuwatenga. La pili, vita ya Korea ilipandisha bei ya mpira na bati, serikali ikapata fedha za kuvipatia vijiji vile maji, shule na zahanati. La tatu, na hili ndilo zito, serikali ilikuwa na kitu cha kutoa. Jenerali Gerald Templer aliyefika 1952 akiwa na madaraka ya kijeshi na ya kiraia kwa pamoja alikuwa akisema wazi kwamba kufyatua risasi ni robo tu ya kazi. Wachina walifunguliwa mlango wa uraia, uchaguzi ulifanyika 1955, na tarehe 31 Agosti 1957 nchi ikawa huru. Chin Peng akabaki msituni anapigania uhuru ambao watu tayari wanao.

Na tusijifanye wageni katika hadithi hiyo. Keya walikuwapo. Vikosi vya King's African Rifles kutoka Kenya na Nyasaland vilipelekwa Malaya. Hao wa Nyasaland, Malawi ya leo, ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mto Songwe, ukisimama Kyela unaona moshi wa jikoni kwao. Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, vikosi vya Tanganyika vilipigana Burma dhidi ya Wajapani. Wazee walirudi na medali, malaria na maneno ya Kihindi. Asia tuliijua kwa miguu muda mrefu kabla hatujaijua kwa makongamano.

Vietnam ilipoiga, iliiga seng'enge ikaacha uraia. Mwaka 1962 serikali ya Ngo Dinh Diem ya Vietnam Kusini ilianza kuwarundika wakulima kwenye vijiji vya ulinzi, mashauri yakitoka kwa Mwingereza aliyetokea Malaya, Robert Thompson. Takwimu za makao makuu zilipanda kila mwezi. Mmoja wa wasimamizi wa mpango huo alikuwa Kanali Pham Ngoc Thao, ofisa hodari, aliyehimiza vijengwe haraka haraka na vingi iwezekanavyo. Baadaye ikajulikana kwamba kanali huyo alikuwa mtu wa wakomunisti. Alikuwa ameona mapema kwamba kijiji cha kulazimishwa kikijengwa kwa pupa kinamzalia adui wafuasi bila yeye kutoa hata senti. Kila nikisoma habari zake hucheka peke yangu, halafu nanyamaza.

Ufilipino nako kuna jambo dogo ambalo ningependa kila brigedia alijue. Wakulima wa Luzon waliokuwa wamepigana na Wajapani, Wahuk, waligeuza silaha dhidi ya serikali yao kwa sababu ya ardhi na dhuluma za matajiri. Septemba 1950 Ramon Magsaysay akawa waziri wa ulinzi. Alipiga marufuku askari kuwapora kuku wa wanakijiji, akaanza kushtukiza kambi bila taarifa, na akatangaza kwamba raia yeyote mwenye malalamiko dhidi ya jeshi anaweza kumpelekea simu ya maandishi kwa sentavo kumi tu. Sentavo kumi. Wakulima walituma, na alijibu. Mwaka 1953 akachaguliwa rais, na Mei 1954 kiongozi wa Wahuk, Luis Taruc, akajisalimisha. Yapo mengine yaliyochangia, ikiwemo fedha na washauri wa Marekani, lakini hebu fikiri: silaha iliyoleta mageuzi ilikuwa sanduku la posta. Hapa kwetu, mwanakijiji akipigwa kofi na mwenye sare, anampelekea nani ujumbe, na anajibiwa baada ya siku ngapi? Swali hilo nalo lingefaa liwemo kwenye mtihani wa kozi ya ukamanda.

Kuna Asia nyingine inayowavutia zaidi maofisa, nayo ni Sri Lanka. Mei 2009 jeshi la nchi hiyo liliwamaliza waasi wa Tamil Tigers baada ya vita ya miaka 26, likamuua kiongozi wao, Prabhakaran, na miaka miwili baadaye likaandaa semina Colombo kuwaeleza wanajeshi wa nchi nyingine namna lilivyoshinda. Ushindi ule hauna ubishi kijeshi. Lakini jopo la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba huenda raia wapatao 40,000 walikufa katika miezi ya mwisho, wamebanwa kwenye ukanda wa pwani baina ya pande mbili. Sri Lanka ni kisiwa. Tigers hawakuwa na mpaka wa nchi kavu wa kukimbilia. Sisi tuna majirani wanane. Anayetaka kuileta "njia ya Colombo" kusini mwa Ruvuma anisaidie kwanza kunionyesha bahari iko upande gani.

Mimi ningewasomesha zaidi Mizoram, jimbo dogo la kaskazini mashariki mwa India ambalo kwetu hakuna anayelitaja. Mwaka 1966 ndege za serikali ziliupiga mji wa Aizawl kwa mabomu, mwaka uliofuata vijiji vikakusanywa kwa nguvu kando ya barabara. Uasi haukuisha. Ulikwisha Juni 1986 kwa makubaliano, na kiongozi wa waasi, Laldenga, akawa waziri kiongozi wa jimbo. Huko huko Mizoram, Vairengte, ndiko iliko shule mashuhuri ya India ya vita vya msituni. Sijui kama wakufunzi wake huwaonyesha wageni picha ya Laldenga akiapishwa. Wangefanya vyema.

Turudi nyumbani sasa. Ukitoka Iringa mjini kuelekea Ilula utapita Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Kijerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimbandika jina la Nyundo, uliingia katika mtego wa Wahehe wa Mkwawa. Mikuki dhidi ya bunduki na mizinga, na kwa muda mfupi sana Nyundo na sehemu kubwa ya kikosi chake walikuwa wamekufa. Kambi kubwa ya jeshi letu Dar es Salaam inaitwa Lugalo, na hospitali ya jeshi vilevile. Maofisa wetu wanaingia na kutoka kwenye geti lenye jina hilo, na jina lenyewe ni la shambulizi la kuvizia lililopangwa na upande ambao vitabu vya leo vingeuita "waasi".

Kilichofuata baada ya Lugalo ndicho kinachofaa darasani. Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa. Kijeshi vita ilikuwa imekwisha. Mkwawa akaingia porini, na ikawachukua karibu miaka minne kumpata. Fikiria walivyojaribu. Walijenga boma jipya pale ilipo Iringa ya leo. Walimweka ndugu yake, Mpangile, kuwa mtawala mwishoni mwa 1896, na mapema 1897 wakamnyonga kwa kumshuku kuwa anamsaidia kaka yake. Walichoma mashamba na maghala. Walitangaza rupia 5,000 kwa kichwa chake. Kila hatua ya somo la kupambana na uasi imo: kibaraka, njaa, zawadi ya donge nono, ngome. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi akiwa karibu kukamatwa. Hawakumkamata; walimchosha, na walioumia zaidi katika kuchoka huko ni watu waliokuwa wakimpa ugali.

Miaka saba baadaye Maji Maji ikalipuka, na Wahehe wa Iringa hawakujiunga. Kapteni Nigmann wa boma la Iringa alitoka na wapiganaji wa Kihehe kwenda kuiokoa ngome ya Mahenge. Ndugu zangu wa Kihehe hawapendi nikilitaja hili, hasa ulanzi ukishapita mezani mara ya pili, lakini naona ndilo somo zuri kuliko yote. Watu walewale. Waasi 1898, wasaidizi wa dola 1905. Je, Wajerumani walikuwa wamewashinda mioyo? Hata kidogo. Watu walikuwa wamechoka kuzika, walikuwa na ugomvi wa zamani na majirani zao, na waliitazama mizani wakaona imelalia wapi. Ofisa atakayekaa juani kwa saa moja akilitafakari jambo hilo hatarudi tena kuandika kwenye ripoti yake kwamba kabila fulani ni "la waasi" na kijiji fulani ni "chetu".

Kusini zaidi, Ungoni na kwingineko, Wajerumani hawakuhangaika hata na kibaraka. Kapteni mmoja, Wangenheim, aliandika kwamba njaa na ufukara tu ndivyo vitakavyoleta utii. Gavana Götzen akaacha moto ufanye kazi kwenye chakula. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wanataja 250,000 mpaka 300,000. Hilo kopo la samaki la Malaya, ukilikuza mara elfu, unafika Songea ya 1906.

Jambo dogo la kuongezea, kwa kuwa liko karibu: fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga na Gavana Twining tarehe 19 Juni 1954. Ni mwaka uleule Templer alipoondoka Malaya, na Kenya ilikuwa ikiungua kwa Mau Mau. Mimi hulisoma tendo lile kama sentavo kumi ya Twining. Alijua Wahehe wanajaza vikosi vya polisi na Keya, na alijua moto wa jirani huvuka mto. Heshima kwa marehemu nayo ni mbinu.

Mahali ninapopataka zaidi maofisa wetu wapatembelee hapana mnara. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Itumbi huko Chunya, kisha Mgagao, wilaya ya sasa ya Kilolo, wapiganaji wa ZANLA wa Zimbabwe walifundishwa vita na wakufunzi wa Kichina. Itumbi na Mgagao! Yaani masuala ya Asia yalifundishwa kwa vitendo katika baridi yetu hii hii, kwa watu waliokula mahindi yetu. Wachina waliwabadilisha fikra. Kabla ya hapo vikundi vilivuka Zambezi vikiwa na silaha, vikapiga, vikasakwa, vikaisha. Wachina wakawaambia: kwanza raia, risasi baadaye. Kaa kijijini, jua nani anadaiwa kodi, nani kapokonywa ng'ombe, jua kisima kiko wapi. Desemba 1972 vita ilipoanza upya kaskazini mashariki mwa Rhodesia, ndivyo Zimbabwe ilivyoitwa wakati ule, jeshi la Ian Smith lilishangaa kukuta vijiji vimeshazungumza na upande mwingine miezi mingi kabla.

Nalo jeshi hilo lilijibu kwa nini? Kwa Malaya. Warhodesia walikuwa wamepeleka kikosi cha SAS huko miaka ya 1950, na kamanda wake mmoja, Peter Walls, ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya Rhodesia. Wakajenga vijiji vya ulinzi kuanzia 1973 na 1974, seng'enge na taa kama kawaida. Ila hawakuwa na uraia wa kutoa, wala uchaguzi, wala ardhi. Hivyo madarasa mawili ya Asia yalikutana bonde la Zambezi: moja lilitoka Malaya likapitia Salisbury, Harare ya leo, jingine lilitoka China likapitia Iringa. Tunajua lipi lilifika Aprili 1980 likiwa limesimama. Nchi ngapi duniani zina jambo kama hili la kuwaonyesha makanali wao kwa safari ya basi la siku moja?

Halafu kuna Ismani, na hapa inabidi niongee taratibu. Siku ya Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda kwenye shamba la Saidi Mwamwindi katika kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alikuwa mkulima mkubwa wa mahindi. Wakajibizana, akampiga risasi akamuua. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu, akaendesha mwenyewe mpaka kituo cha polisi Iringa mjini akajisalimisha. Alihukumiwa akanyongwa. Miaka miwili baadaye, Novemba 1973, kuishi vijijini kukawa amri, na mamilioni wakahamishwa nchi nzima, wengine nyumba zikibomolewa nyuma yao.

Kwa hesabu za Malaya na Vietnam tungetegemea moto. Haukuwaka. Kwa nini? Nina maoni yangu. Wahamishaji na wahamishwaji walizungumza lugha moja, na amri haikubagua kabila. Sehemu nyingi shule na zahanati zilifuata nyuma ya malori, japo kwa kuchechemea. Balozi wa nyumba kumi alikuwa jirani yako, mnazikana. Hakukuwa na mtu ng'ambo ya mpaka mwenye nia ya kutoa silaha. Na zaidi ya yote watu walipinga kwa jembe: waliitikia mkutanoni, usiku wakarudi kulima mahame yao, na serikali, ikiwa na busara au ikiwa imechoka, ikafumba jicho. Uasi mwingi duniani huzuiwa na jicho lililofumbwa kwa wakati wake, na hakuna mwongozo wa kijeshi wenye sura ya somo hilo. Ismani ina risasi moja tu, na risasi ile inaonyesha jinsi tulivyokuwa karibu.

Kwa upande wa masuala ya Asia yenyewe, malalamiko yangu ni mafupi. Asia kwetu ni mhisani, mkandarasi na muuza bidhaa. Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi, kilichofunguliwa Septemba 2012, kilijengwa kwa msaada wa China. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Mahandaki yake baina ya Mlimba na Makambako kila msafiri wa huku anayajua kwa giza lake, na Septemba 2024 hati ya kuihuisha ilisainiwa Beijing mbele ya marais watatu. India nayo Aprili 2025 ilifanya mazoezi ya kijeshi ya baharini nasi Dar es Salaam. Yote mema. Lakini anayekujengea darasa ni vigumu kumfanya mada ndani ya darasa hilo. Ofisa wetu akiwa Beijing atauliza juu ya Xinjiang, jimbo la Waislamu wa Uyghur? Akiwa New Delhi atauliza juu ya uasi wa Kashmir? Mgeni mwenye adabu hasemi chumvi imezidi. Kwa hiyo maswali hayo lazima yaulizwe hapa, na Mtanzania, kwa Kiswahili, kabla na baada ya kozi. Vinginevyo tutakuwa na makanali wanaojua Wachina wanasemaje kuhusu Wachina na Wahindi wanasemaje kuhusu Wahindi, basi.

Najua wapo watakaosema historia haitoi risasi, na kwamba muda wa kozi ni mfupi. Marekani nayo ilidhani hivyo mpaka Iraq ikaishinda, ikarudi maktaba, ikatoa mwongozo mpya Desemba 2006 uliojaa Malaya. Agosti 2021 Kabul ikaanguka mwongozo ukiwa rafuni. Waliusoma vizuri sana. Waliousoma hawakuwahi kuwa upande wa kopo lililotobolewa. Sisi tumekuwa, na walioyaona baadhi ya hayo bado wanaishi, ila wanapungua kila kipupwe.

Mwaka jana nilikwenda Kilolo, nikapita Mgagao. Nilikaribishwa na bibi mmoja, kigogo cha mti nje ya jiko, kahawa hakuna, maji ya moto yenye tangawizi. Kamwene, kamwene, tukasalimiana. Alikuwa msichana enzi zile. Nilimweleza kwamba jeshi la Wachina zamani lilikuwa na amri: usichukue cha raia, hata sindano, hata uzi. Akaniambia hajui habari za sindano. Anachokumbuka ni kwamba wale makomredi walikuja kwa mama yake kununua viazi, wakapima debe, wakalipa, na mmoja akarudisha debe lililopasuka likiwa limezibwa. Nikamwambia ningependa wakubwa wa jeshi letu waje wakae hapa siku mbili, wasikilize.

Akafikiri, akageuza kuni.

"Wakija," akasema, "watanunua viazi, au watakuja na vyao?"